Bati halikubali kila umbo: mambo ya kuelewa kabla ya kuchomelea boti yako

Kila chombo kinapopinduka ziwani, mjadala huwa uleule vibandani na kwenye magrupu ya simu: "Chuma kile, kingeeleaje?" Na kila inapopita video ya kijana aliyejichomelea boti nyuma ya nyumba, maoni hugawanyika. Wapo wanaompa pongezi, wapo wanaomwandikia buriani mapema. Nimesoma maoni hayo kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zinaangalia pasipohusika. Boti ya chuma haizami kwa sababu ni ya chuma. Ikiwaua watu, mara nyingi ni kwa sababu ya umbo lake, na umbo hilo aghalabu limetokana na fundi kutojua bati linakubali nini na linakataa nini.

Tuanze na majina, maana karakana ya vyuma na mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapoegesha vyombo, watu hawasemi lugha moja. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Uti wa mgongo unaopita katikati chini ni mkuku, na mbavu za ndani zinazoshikilia umbo ni mataruma. Shimo la chini kabisa ndani, ambako maji yaliyoingia hukusanyika, ni ngama. Mimi nitaongeza maneno matatu ya kawaida: kitako, yaani sehemu ya chini inayokaa majini, ubavu, ukuta wa kushoto au kulia, na kona, pale kitako kinapokutana na ubavu. Ukishika hayo, mengine yote yatakuja yenyewe.

Kuelea kwanza. Chukua karai la chuma uliweke ndani ya pipa la maji: linaelea. Lipondeponde mpaka liwe donge, ulitupe humo humo: linazama. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni nafasi. Maji husukuma kitu juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Mita moja ya ujazo ya maji ya ziwa ina kilo 1,000. Ya bahari ina kama kilo 1,025 kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo boti yenye uzito wa kilo 500 itashuka mpaka iondoe nusu mita ya ujazo ya maji, kisha itatulia hapo. Mwingereza John Wilkinson alipoingiza jahazi lake la chuma katika mto Severn mwaka 1787, wengi hawakuamini kwamba lingeelea. Zaidi ya miaka mia mbili imepita, na swali lao bado liko kwenye simu zetu.

Sasa weka namba za boti ya kawaida ya fundi wa nyumbani: urefu mita 4, upana mita 1.2, ubavu nusu mita. Kama ingekuwa sanduku tupu, kila sentimita 1 inayozama ingebeba kilo 48. Omo ikichongoka, hesabu hushuka mpaka kama kilo 35. Boti yenyewe ikiwa na kilo 200 pamoja na mataruma na viti, itazama sentimita 6 hivi. Wapande watu wanne na injini ndogo, itafika kama sentimita 15, na ukingo utabaki sentimita 35 juu ya maji. Wapande watu kumi: itafika sentimita 27. Bado inaelea! Hapo ndipo watu hudanganyika. Wanaangalia ukingo, wanaona kuna shibiri moja juu ya maji, wanasema bado nafasi ipo.

Kuelea si kusimama wima

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipata ajali karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Tulioziona picha hatuwezi kuzisahau: tumbo la kivuko likiwa juu ya maji, waokoaji wakisimama juu yake. Hakikwenda chini kama jiwe. Kilipinduka. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa kuliko tunavyoichukulia tunapozungumza, kwa kuwa kinachozuia chombo kisizame si kile kinachokizuia kisipinduke.

Mfikirie mtu aliyesimama kwenye daladala bila kushika kitu. Akibana miguu, kona ya kwanza inamlaza. Akiitanua, anahimili. Boti nayo iko hivyo. Inapoinama upande wa kulia, ubavu wa kulia unaingia majini zaidi, na maji yanausukuma juu. Kadiri msukumo huo unavyotokea mbali na katikati, ndivyo unavyoweza kuirudisha boti wima. Ndiyo maana upana una nguvu ya ajabu: ukizidisha upana mara mbili, urefu ukibaki vilevile, uwezo wa maji kuinyanyua boti iliyoinama huongezeka mara nane. Mara mbili zidisha mara mbili zidisha mara mbili.

Hili nililijifunza vibaya. Boti ya kwanza niliyoshiriki kuitengeneza na mjomba wangu, Musoma, ilikuwa na upana wa sentimita 70. Tulitaka ikate maji vizuri, na bati lililopatikana lilikuwa hilo. Ilielea safi kabisa. Binamu yangu aliposimama kushika kamba, ililala ubavu, ikaingiza maji, ikamtupa. Maji yalikuwa ya kiunoni, namshukuru Mungu kwa hilo. Ya pili tuliipa sentimita 110. Piga hesabu mwenyewe: 110 gawanya kwa 70, jibu ulizidishe kwa lenyewe mara tatu. Unapata karibu 4. Sentimita 40 tu, na boti ikawa imara karibu mara nne.

Watu wa pwani walilijua jambo hili bila hesabu hizo. Ngalawa ni gogo jembamba ambalo peke yake lingepinduka kwa upepo mdogo. Ndubi, yaani mbao za kuelea za pembeni, zilizotandazwa kushoto na kulia ndizo zinazompa mvuvi upana bila kumwongezea uzito wa chombo kizima.

Upande wa pili wa mzani ni kimo cha uzito. Abiria akikaa chini kwenye ubao, uzito wake uko chini. Akisimama, umepanda karibu nusu mita bila chombo kuongezeka hata gramu. Ndiyo sababu chombo hupinduka kinapokaribia gati, watu wanapoinuka wote kwa pamoja na kusogea upande wa kushukia. Baadhi ya mafundi hujaza mawe ngamani yawe farumi ili kushusha uzito. Farumi husaidia kwenye jahazi lenye tumbo kubwa. Kwenye kiboti kidogo, mawe yanakula kimo cha ukingo ambacho tayari ni haba, na yakibiringika kuelekea upande mmoja yanakuwa adui.

Na maji ya ngamani ni mabaya kuliko mawe. Mtu yeyote aliyewahi kujitwisha beseni la maji kichwani anajua: beseni lililojaa nusu ni gumu kulituliza, maana maji yanakimbilia upande ule ule unaoinama. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji nayo hurejea huko, kisha chombo kinapoinama yanakimbilia upande wa chini na kukivuta zaidi. Kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, si usafi. Ni kulinda uhai wa chombo.

Sanduku la bati na karai

Nenda Kamukunji, Nairobi, utazame mafundi wanavyotengeneza vitu viwili. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni linakatwa, linakunjwa, linapigwa ribiti. Kazi inakwenda kwa mstari ulionyooka. Karai ni habari nyingine: bati linalazimishwa kutanuka kwa nyundo au kwa mashine ya kukandamiza mpaka litoe tumbo. Kelele yake unaisikia mtaa wa pili.

Tofauti hii ndiyo roho ya makala yangu. Bati, kama karatasi, linakubali kupinda upande mmoja kwa wakati mmoja. Chukua karatasi ya manila. Unaweza kuifanya bomba. Unaweza kuifanya koni, kama ile ya kuwekea karanga. Jaribu kuifunika juu ya chungwa bila makunyanzi: haiwezekani. Ili bati livae umbo la chungwa, lazima sehemu fulani itanuke na nyingine ijikunyate, na hiyo ni kazi ya kiwanda, au ya fundi mwenye nyundo na miezi ya kuchezea.

Kwa hiyo anayetaka tumbo la duara kama la mtumbwi wa kuchonga, na ana shiti bapa na mashine ya kuchomelea tu, anajitafutia taabu. Atakatakata vipande vidogo vidogo, atachomelea mishono mingi, na kila mshono ni mahali ambapo maji yanaweza kupenya. Mbao zinaruhusu duara kwa sababu ni vipande vyembamba vilivyopangwa. Bati linataka kukunjwa.

Yanabaki maumbo matatu yanayomfaa fundi wa nyumbani.

Kitako bapa ndicho rahisi zaidi, na watu wanakidharau bila haki. Kinabeba mzigo mwingi kwa kina kidogo, kinafika mpaka kwenye matope, na kikiwa kimetulia unaweza kusimama ndani ukavua. Kwa mto, bwawa, au ghuba tulivu, mimi ningekichagua bila kusita. Kasoro zake zinaonekana mawimbini. Kitako bapa hupenda kulala sambamba na uso wa maji. Wimbi likiinama, boti inainama nalo. Omo inapiga maji kwa kishindo. Tena kinaonya kidogo: kimeshikilia imara, imara, imara, halafu ukingo unaingia majini na hakuna tena cha kukirudisha.

Umbo la V hukata wimbi badala ya kulipiga. Hapa kuna imani ninayoisikia kila mwalo, kwamba V ni imara zaidi. Kwenye mwendo na mawimbi, safari yake ni laini, hilo kweli. Ikiwa imesimama ni kinyume: V iliyochongoka sana huyumba mtu anapoingia tu, kwa kuwa chini yake hakuna upana. Inaanza kushika pale kona inapoingia majini. Pia inazama kina kirefu zaidi kwa mzigo uleule na inataka injini yenye nguvu. Mafundi wengi wenye uzoefu huchanganya: V kali kwenye omo, inayolainika taratibu mpaka kitako kinakaribia kuwa bapa tezini. Bati linaukubali msokoto huo, mradi uwe wa taratibu.

La tatu ni kona mbili kila upande: kitako, kipande cha mshazari, kisha ubavu. Linakaribia duara bila kulazimisha bati litanuke. Ni zuri sana kwa makasia, lakini mishono inaongezeka maradufu, nisingemshauri mtu aanze nalo.

Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha kila nikiliona. Ukikata ubavu kama mstatili mrefu ulionyooka, ukaukunja kuzunguka mataruma huku umeulaza kidogo kuelekea nje, ukingo wake wa chini hupinda wenyewe. Omo na tezi zinainuka, katikati panashuka. Hukuchora mkunjo huo popote. Umetoka kwenye bati. Ndiyo maana ubavu unaolala nje ni bora kuliko uliosimama wima: unakupa umbo la bure, na boti ikishuka kwa mzigo inakutana na upana zaidi.

Kabla ya kununua shiti hata moja, tengeneza boti ya manila kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila sentimita 10. Boti ya mita 4 inakuwa sentimita 40. Kata, gundisha kwa gundi ya karatasi, itazame kwa jicho moja kutoka omo. Manila ikikunja uso, bati litakunja uso, tena hilo likishakataa litakula fedha zako. Manila ikikaa vizuri, ichane mishono, ilaze bapa, na hapo una ramani ya kukatia chuma.

Unene, moto na kutu

Chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Boti yetu ya mita 4 inakula kama mita 9.4 za mraba. Kwa milimita 1 ni kilo 74, kwa milimita 2 ni kilo 148, kwa milimita 3 ni kilo 221, kabla ya mataruma na viti. Aluminiamu ya milimita 3 ni kilo 76 tu, ila bei yake ni ya juu na kuichomelea kunataka mashine maalumu na mkono uliozoea.

Mwanafunzi wa kuchomelea hupenda bati nene kwa sababu halitoboki. Jembamba linatoboka, na likipata moto mwingi mahali pamoja linajikunja kama ukoko wa sima uliokauka. Dawa ni kushikiza kwanza nukta nukta boti nzima, kisha kuchomelea kwa kurukaruka: sentimita 5 omoni, unahamia tezini, unarudi katikati upande wa pili, unaacha papoe. Ukikimbiza mshono mmoja mrefu moja kwa moja, boti itatoka imepinda kama ndizi, na boti iliyopinda haiendi mbele hata ukasie namna gani.

Mabati ya paa je? Migongo yake inayapa ugumu. Kunja ukurasa wa daftari kama feni, utaona unabeba kikombe ambacho ukurasa bapa usingekibeba. Mmarekani Joseph Francis aliitumia siri hiyo karne ya 19, akikandamiza mabati kwenye kalibu kutengeneza boti za kuokolea. Januari 1850, chombo chake cha chuma kilichofungwa juu na kuvutwa kwa kamba kiliwatoa watu kama 200 kwenye meli Ayrshire iliyokwama pwani ya New Jersey. Watoto wa Australia nao walizoea kulikunja bati la paa, kupigilia ncha zake kwenye ubao na kuziba kwa lami, wakacheza vijitoni. Lakini Francis alikuwa na mashine ya kukandamiza kila bati kwa umbo la boti, na wale watoto walikuwa kwenye kijito. Bati letu la geji 30 halifiki hata nusu milimita. Jiwe moja la ufukweni linalitoboa. Ukijaribu kulichomelea, zinki inaungua na kutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Na silikoni ya kuzibia choo haitengenezwi kwa mshono unaotikiswa na mawimbi siku nzima. Kwa bwawa la samaki nyumbani, sawa. Kwa kuvuka ghuba na watoto, hapana.

Kutu nayo inaogopwa upande usio wake. Watu wanapaka nje rangi tatu na kuacha ndani wazi, wakati boti nyingi za chuma huliwa kutoka ndani, ngamani, ambako maji, mchanga na magamba ya samaki hukaa wiki nzima. Maji ya ziwa yasiyo na chumvi ni mapole kuliko ya bahari. Meli ya MV Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916. Ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chuma hicho hicho, kingelala baharini miaka hiyo yote, kingekuwa na hadithi nyingine. Baharini, usifunge shaba moja kwa moja kwenye chuma au aluminiamu: maji ya chumvi yanavigeuza kuwa kama betri, na boti yako ndiyo inayoliwa.

Madumu kumi na mawili

Mtumbwi wa mbao ukijaa maji hubaki unaelea, mtu akaushikilia. Boti ya chuma ikijaa inakwenda. Hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya mbao na chuma, na ndiyo ningependa ijadiliwe kwenye yale maoni ya simu.

Tiba yake ni hewa iliyofungwa. Chuma cha kilo 200 kikiwa ndani ya maji kina uzito wa kama kilo 175, kwa hiyo kinataka lita 175 za hewa ili kisizame. Madumu tisa ya lita 20 yaliyofungwa vizuri yanatosha kwa chuma peke yake. Ongeza kwa ajili ya injini na watu wa kushikilia. Yafunge kwa mikanda pembeni, juu juu chini ya viti, kushoto na kulia. Ukiyalaza ngamani, boti ikijaa maji yatataka kupanda juu, na njia pekee ya kupanda ni kuipindua.

Anayetaka kubeba abiria atapita kwanza kwa wakaguzi wa vyombo vya majini wa serikali, TASAC kwa Tanzania, KMA kwa Kenya. Hata kwa boti ya nyumbani kuna jaribio ambalo siruhusu mtu aliruke. Peleka boti maji ya kiunoni, bila injini. Mtu mmoja akalie ukingo, upime umeshuka kiasi gani. Kisha ijaze maji kwa ndoo mpaka ifurike.

Ile yetu ya sentimita 110 tuliijaza asubuhi, ziwa likiwa shwari. Ndani kulikuwa na madumu kumi na mawili ya mafuta ya kula, vifuniko vimezungushiwa mpira wa baiskeli. Maji yalipanda mpaka juu ya viti, ukingo ukabaki vidole viwili. Mjomba akaingia, akakaa, maji yakamfika kifuani. Binamu yangu, yule yule, akaingia baada yake. Boti ikashuka kidogo, ikayumba, ikatulia.